Marahaba ya Babu

Juzi nilikuwa napiga pasi sare za wanangu hapa Bombolulu, wao wakitazama runinga, nikasikia sauti ya babu yangu. Nusura niunguze shati. Kumbe wameirudisha ile filamu ya mpira iliyopigwa kwetu Timbwani nilipokuwa na miaka kumi.

Pengine nawe uliiona. Ni ya kuchekesha: kocha mzee anataka watoto waamkie wakubwa kabla ya mazoezi, watoto nao wanataka kupaka nywele rangi na kucheza kwa madaha. Kocha huyo alikuwa babu. Hawakumtafuta mbali, maana kila alasiri alitufunza mpira pale uwanjani, kikoi amekipandisha hadi magotini, mfuko wa shati umejaa njugu za kutugawia.

Mimi nilichaguliwa kuwa nahodha. Nilitakiwa nimnyang'anye filimbi na kumwambia, "Mzee, wakati wako umepita. Toka uwanjani."

Nilitamani kuonekana kwenye runinga kuliko nilivyotamani nguo ya Idi. Wiki nzima niliyarudia maneno yale nikiosha vyombo, mpaka bibi akanitishia kwa mwiko. Siku yenyewe, kila niliposimama mbele ya babu, mdomo ulinitangulia: "Shikamoo, babu." Naye kwa mazoea akajibu, "Marahaba, mwanangu." Mwongozaji, kijana wa kutoka bara, alisimamisha kamera mara sita.

Babu akaniita kando.

"Abee, babu."

"Sema tu, mwanangu. Huu ni mchezo. Wallahi sitakuwekea kinyongo."

Nikarudi, nikaamkia tena. Jezi yangu ikavuliwa, akavishwa binti wa jirani yetu aliyehamia kutoka bara. Yeye alisema mara moja tu, bila kupepesa macho. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera, na nilimwonea babu uchungu hata nikamwamkia kwa midomo tu, bila sauti. Papo hapo nikageuka, nikakimbilia nyumbani kulia. Filamu ilipooneshwa, mtaa mzima ulijazana sebuleni kwetu, mimi nikajifungia chumbani. Nilimnunia babu kwa sababu ya adabu aliyonifunza mwenyewe. Hata alipofariki sikuwa nimeitazama.

Uwanja ule sasa umejengwa vyumba vya kupanga. Wanangu wananisalimu "sasa", nami naitika. Miaka yote hii nimekuwa nikisema babu alininyima bahati yangu, na naona haya kukiri.

Juzi basi nikamwona binti wa jirani akinyakua filimbi. "Mzee, wakati wako umepita. Toka uwanjani." Babu hakumtazama. Aliinua macho akaangalia kamera, pale pale nilipokuwa nimesimama, akatabasamu.

"Marahaba, mwanangu."

Wanangu wakaangua kicheko, kama bila shaka walivyocheka watu wa Timbwani siku ile. Nikaiweka pasi kando.

"Shikamoo, babu," nikasema, lakini filamu ilikuwa imeshasonga mbele.