Kitabu Ndani ya Kikapu cha Majani

Mjukuu wangu ameandika kitabu kingine, hadithi ndogondogo za kuandamana na vile vitabu vyake vya nchi ya kubuni ya siku zijazo, inayochunga watu kama ng'ombe. Nilikinusa kwanza. Ile karatasi mpya ikanirudisha kwenye mizani ya majani chai, kule shambani mama alikokuwa akichuma.

Nilikuwa nimeficha kitabu changu cha shule kwenye kikapu cha mama, kisilowe na mvua. Nikasahau kumwambia. Nyapara akamwaga majani, kitabu kikaanguka. Mwenye kuongeza uzito kwenye kikapu alikuwa akifukuzwa kazi na nyumba siku hiyo hiyo.

"Wewe mama, siku hizi tunapima karatasi?"

"Ni kitabu cha maombi, mzee. Natembea nacho."

"Haya, soma tusikie."

Mama hakujua hata herufi a. Alikifungua kwa vidole vyeusi vya utomvu, akatoa zaburi nzima ya kanisani bila kukwama. Mimi nilibana mkojo. Nyapara akavua kofia, akaishika mpaka zaburi ikaisha. Kisha akanyoosha mkono, akakigeuza kitabu mikononi mwa mama, maana kuku wa kwenye picha alikuwa miguu juu.

"Amina," akasema. "Anayefuata!"