Zamu ya Cheruto

Huku kwetu juu ya Sachangwan, viazi havichimbwi na mtu mmoja. Tuko na kikundi. Leo tunachimba kwa huyu, kesho kwa yule, na sheria ni moja: ukinichimbia nitakuchimbia. Asiyechimba hana zamu.

Dada yangu mdogo, Cheruto, hakuwa na zamu. Miguu yake ilikauka akiwa mtoto, baada ya homa kali, na kwa miaka mingi alikaa kwangu. Baadaye akajenga nyumba yake kwenye kipande alichogawiwa na baba, akapanda viazi mwenyewe, akisota kutoka tuta hadi tuta. Wakati wa kuvuna, majirani walikuja kumchimbia kwa huruma. Walikuja siku waliyotaka wao. Mwaka jana walichelewa, mvua ikawatangulia, viazi vikaoza ardhini. Angemlaumu nani? Mtu anayekusaidia bure humwulizi alikuwa wapi.

Ndiyo maana alikuja kwenye mkutano wa kikundi na kiti chake cha magurudumu, akasema anataka kuwa mwanachama.

"Lakini sisi tutakuchimbia tu, Cheruto," akasema mwenyekiti wetu, mama mmoja anayeitwa Wamuyu. "Kwani kuna siku tumekataa?"

"Sitaki kuchimbiwa tu, mama. Nataka nichimbe, halafu nidai."

Nyongesa, mwenzetu wa kikundi ambaye kunyamaza hakujui, akasema, "Mimi mwenyewe nikimaliza tuta moja mgongo unalia. Huyu naye atafanyaje?"

"Mgongo wako unalia kwa sababu unainama," Cheruto akamjibu. "Mimi nitakuwa nimeketi."

Wakacheka, hata Nyongesa. Wakakubaliana ajaribu shambani kwa Wamuyu. Akimaliza tuta lake kabla gunia la mwisho halijashonwa, ataingia. Mimi kuongea mbele ya watu sijawahi kuweza, lakini nilijua mikono ya dada yangu.

Siku ya majaribio nilimsukuma mpaka kwenye ua, maana kiti hakipiti shambani. Cheruto akajifunga kiunoni turubai aliyoishonea mpira wa tyubu ili kukinga miguu, akashuka, akasota na jembe lake la mpini mfupi mpaka kwenye tuta alilopewa. Akapiga jembe mara moja, akatulia. Akazamisha mkono kwenye udongo. Uliingia kama kwenye unga.

"Nani amepita hapa kabla yangu?"

Wamuyu akaweka jembe lake chini. Akasema polepole, "Ni mimi. Nilikulegezea kidogo asubuhi. Nilitaka upite, mwanangu."

"Asante, mama. Basi hili ni lako. Nipe lingine."

Lililokuwa limebaki ni la pembeni, kando ya njia ya ng'ombe, ambapo udongo umekanyagwa hadi ukawa kama sakafu. Nilitaka kumwambia aliache. Lakini alishaanza kusota kwenda huko.

Akaanza. Alipiga ubavu wa tuta, akavuta udongo kwake, akatoa viazi kwa mikono, akavirusha nyuma, akasota mbele. Wengine walimpita mapema. Walimaliza, wakanawa, wakanywa chai, na yeye bado alikuwa katikati, jasho linamtoka. Nyongesa akachukua sindano na uzi wa katani, akaanza kushona magunia. Alishona moja, kisha mkono wake ukawa mzito ghafla.

"Nyongesa!" Cheruto akaita bila kuinua kichwa. "Shona kama siku zote! Ukinihurumia nitajua!"

Akina mama wawili wakachukua majembe waende kumsaidia. Wamuyu akawazuia kwa mkono. "Mwacheni. Nilishakosea mimi, msirudie."

Basi tukakaa, tukatazama. Gunia baada ya gunia likafungwa. La mwisho lilikuwa bado wazi mdomo Cheruto alipopiga jembe mwisho wa tuta, udongo umempanda mpaka kwenye viwiko. Viazi vyake ndivyo vilivyolijaza.

Wamuyu hakutoa hotuba. Alisema tu, "Jumatatu tuko kwa Nyongesa. Cheruto, usichelewe."

Hakuchelewa. Alichimba kwa Nyongesa, akachimba kwangu, halafu zamu ikafika kwake. Watu walijaa uani kwake asubuhi, ukungu haujaondoka, wote isipokuwa Nyongesa. Dada yangu akatoa simu.

"Nyongesa, uko wapi? Ati mvua? Mvua gani, na mimi niko nje? Nilikuchimbia, sikukuimbia. Kuja!"

Nilisimama hapo na jembe langu, nikamsikiliza akigomba kama mtu anayedai chake.

Nyongesa akaja mbio, shati halijafungwa vifungo. "Samahani, Cheruto. Samahani sana."

"Samahani hiyo kaimalizie kule," akamwambia, akimwonyesha tuta refu kuliko yote.