Kamba ya Nguo za Mama

Juzi, katika duka la vifaa vya sola hapa Goma, muzee mmoja aliweka paneli yake juu ya meza taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Kwenye kona palikuwa na doa la kahawia, la kuungua.

Fundi alilipapasa kwa kidole gumba. "Papa, kuko kitu inaletea hii kona kivuli?"

"Nguo. Paneli niliifunga juu ya bati ya jikoni, na kamba ya kuanika ya mama watoto inapita mbele."

Fundi alimweleza kwamba kipande cha paneli kinachobaki kivulini hakitoi umeme, kisha umeme wa vipande vingine hukipasha moto hadi kinaungua. "Ambia mama ahamishe kamba."

Muzee alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Siwezi. Alilala mugonjwa mwaka muzima. Siku aliamuka, kitu ya kwanza alifanya ni kufua shati yangu na kuianika pale. Nikimwambia anaharibu kitu, ataacha kufua."

Fundi alitazama lile doa, halafu akamtazama muzee.

"Basi kamba ibaki. Kesho nitakuja tuweke paneli ingine kwa nyumba kubwa, juu, kwenye nguo hazifiki."

"Na akiuliza?"

"Tutasema jua ya kule ni kali zaidi."

Muzee alicheka, machozi yakimlengalenga. Nimeandika mara nyingi katika safu hii kwamba mafundi wa mji huu ni waongo. Uongo wa huyu, Mungu aubariki.