Tembe la Kuangalia

Harufu ya mlenda ulioanikwa juani hunirudisha Mkonze, juu ya paa la tembe la bibi yangu, mama mzaa baba. Paa la nyumba ya Kigogo ni bapa, la miti na udongo, na kiangazi chote hapo ndipo mboga zilipoanikwa na sisi wajukuu tulipochezea. Tulilala chali katikati ya majani ya mlenda, ndama wakihema ndani ya nyumba chini yetu, na Bibi akitufokea kutoka uani: "Mnanitobolea nyumba, ninyi! Mvua ikinyesha mtalala wapi?" Kila mwaka kabla ya mvua alilikandika upya kwa udongo wa kichuguu, akiimba, matope hadi viwikoni.

Kiangazi kimoja, nikiwa darasa la tatu, walipita wapimaji wa viwanja wakachora alama ya X nyekundu ukutani. Baba akaeleza kwamba barabara ingepita hapo, na kwamba tembe, kwa kuwa ni la udongo, halihesabiwi nyumba ya kudumu. Bibi alicheka sana. Baba mkwe wake ndiye aliyelijenga, na baba yangu alizaliwa humo. Walitaka lidumu vipi tena? Kesho yake alichanganya udongo na kinyesi cha ng'ombe, akaikandika ile X mpaka ikapotea. Wakarudi wakachora nyingine, kubwa zaidi.

Siku hizohizo akaja afisa utamaduni, kijana mpole, akamwamkia Bibi kwa heshima zote. Mjini kulikuwa na sherehe ya kuenzi tamaduni za watu wa asili, na wageni kutoka nchi mbalimbali walitaka kuona tembe halisi. "Mama, tumeambiwa hakuna anayejua kulijenga kama wewe," alisema. Bibi alikubali palepale. Baba alipomshangaa, alimjibu, "Waache walione. Mtu akishaingia ndani akausikia ule ubaridi, atasemaje tena kwamba si nyumba?" Akaenda mjini na wanawake wenzake, wakajenga tembe jingine kwenye uwanja wa sherehe. Siku ya sherehe wageni waliingia wakiinama, wakapapasa kuta, wakapiga picha. Kiongozi mmoja akatusalimia "Mbukwenyi!" kwa Kigogo chake cha kubahatisha, watu wakashangilia, naye akasema urithi huu lazima tuulinde kwa nguvu zote. Aliposhuka jukwaani Bibi alimfuata amweleze habari za ile X. Ngoma zilikuwa zimepamba moto. Akamshika Bibi mikono yote miwili, akageukia kamera akatabasamu, akapita. Niliuona mdomo wa Bibi ukiendelea kusema. Niliumia, na sikujua maumivu yale niyapeleke kwa nani.

Tembe la Mkonze liliangushwa kabla ya mvua, mlenda ukiwa bado juu ya paa. Bibi akahamia kwetu Miyuji, kwenye chumba cha bati, na mchana wa joto alikaa akilitazama lile bati. Alifia humo, na hakuna aliyewahi kumuuliza tena namna ya kukandika paa.

Tembe la sherehe bado lipo. Wamelipiga sementi na kuipaka rangi ya udongo, na watalii wanaletwa hapo. Mwaka huu nilimpeleka binti yangu, nikamsimulia tulivyokuwa tukilala juu ya paa. Akakimbia kutaka kupanda, mlinzi akamzuia kwa upole: "Usipande, mama. Hilo ni la kuangalia tu." Nilitaka kumwambia mlinzi lilijengwa na nani, lakini angefanya nini, maskini? Nilimshika mwanangu mkono, tukajiunga na wageni, tukaliangalia.