Simiti ya Moto ya Kocha Nthenya

Kitengela maji ni ya kununua. Lori la maji likiingia mtaani, watu wanatoka mbio na mitungi kama wamesikia king'ora. Kwa hivyo ukiwaambia watu kwamba unaenda kuogelea, tena si kuoga, kuogelea, wanakuangalia kama umesema unaenda kulima barafu.

"Maji ya kupika ugali hatuna, na nyinyi mnapiga mbizi?" Ndeti, anayeuza mitumba karibu na lango la gesti, hutuuliza kila Jumamosi.

Kocha Nthenya humjibu bila kupunguza mwendo. "Njoo nikufundishe, Ndeti. Mvua ya Aprili ikikubeba na hizo suruali zako, utanitafuta."

Nthenya Masila ni mama mrefu, mabega mapana kushinda ya mwalimu wetu wa michezo, na bega la kushoto hulia ka! akilizungusha. Anatufundisha kwenye kidimbwi cha gesti ya Mzee Mbugua, ambacho kilijengwa ili wageni wapigie picha kando yake. Urefu wake ni mita kumi na sita tu. Ukijisukuma ukutani vizuri, karibu umefika ng'ambo. Watu wa klabu za Nairobi wanakiita karai.

Mimi huogelea pembeni, polepole, kwa hivyo huwa niko na nafasi ya maswali. Swali langu la kwanza lilikuwa hili: mtu anakuaje muogeleaji na amezaliwa Magadi, mahali ambapo hata mbuzi hutafuta kivuli cha mbuzi mwenzake?

Alicheka sana. "Wewe! Na lile joto, ungefanya nini kingine?"

Baba yake, Mzee Masila, alitoka Makueni akaandikwa kazi kwenye kiwanda cha magadi, kule ziwani. Waliishi nyumba za kampuni, na familia za wafanyakazi zilikuwa na kidimbwi chao. Maji yalikuwa vuguvugu kama chai iliyosahaulika mezani. Lakini shida haikuwa maji. Shida ilikuwa simiti iliyokizunguka. Jua likipanda kidogo tu, simiti ile iliunguza nyayo kama kikaango. Hakuna mtoto wa Magadi aliyesimama ukingoni. Ulitoka kivulini mbio, ukaruka, basi.

Kwa njia hiyo Nthenya alijifunza kila kitu cha kuogelea isipokuwa kusimama.

Alipokuwa na miaka kumi na minne, alipelekwa Nairobi kwa mashindano yake ya kwanza makubwa. Kule unapanda kijukwaa, mwamuzi anasema "jiandaeni," unainama, unaganda kama sanamu mpaka filimbi ilie. Miguu yake haikujua mambo ya kuganda. Kabla ya filimbi, yeye alikuwa tayari majini. Akaondolewa kwenye mashindano. Mwaka uliofuata akarudi, akafanya vilevile, akaondolewa tena.

"Mwamuzi mmoja alinifuata nikijifuta machozi," aliniambia. "Akasema, 'Msichana, kwenu ni jangwani. Si ukimbie tu riadha?'"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nitarudi mwakani. Na yeye akuwe hapo."

Aliporudi nyumbani alifanya jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria najikuta nikikunja vidole vya miguu. Saa sita mchana alienda ukingoni mwa kidimbwi, akasimama juu ya simiti, miguu mitupu. Mzee Masila, badala ya kumfukuza pale, alivua viatu vyake vizito vya kazi akasimama kando yake.

"Mwiitu wakwa," alimwambia, yaani binti yangu, "tutaruka nikisema. Na mimi sina haraka."

Mwaka uliofuata alisimama kwenye kijukwaa kama mlingoti. Akashinda. Yule mwamuzi alikuwepo, tena ndiye aliyepuliza filimbi.

Baadaye aliogelea akiwa amevaa rangi za Kenya, kule Kigali, Dar es Salaam na Lusaka, mpaka bega likakataa. Alipopata kazi ya kufundisha Kitengela, alipita kwa Mzee Mbugua akaona kidimbwi kimejaa majani makavu. Akaomba ufagio. Klabu yetu ilianza hapo.

Mwaka huu karibu ife, na ilikuwa kwa sababu ya Ciku.

Ciku ana miaka kumi na mitatu na ndiye mwenye kasi kutushinda sote. Mama yake, Virginia, anauza vitunguu kwa jumla sokoni. Mwezi wa tatu tulienda Nairobi kushindana kwenye kidimbwi cha mita ishirini na tano. Sasa, kwetu kwa Mzee Mbugua huwa tunahesabu kimoyomoyo kila mkono tunaopiga: ukifika tisa, ukuta uko hapo, unajipindua na kuusukuma kwa miguu. Ciku aliwaacha wenzake wote. Halafu, katikati ya maji, ukuta ukiwa bado mbali kabisa, akajipindua. Akapiga teke hewa. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Ciku akamaliza wa mwisho.

Kocha mmoja wa Nairobi, Nelson, hakungoja hata mtoto ajikaushe. "Mama, huyu ni dhahabu," alimwambia Virginia, "lakini anaharibikia kwenye karai. Niachie mimi."

Jioni hiyo Mama Ciku alisema wazi mbele yetu sote. "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini mtoto wangu amechekwa na watu. Mashindano ya Juni asipofika fainali, anaenda kwa Nelson."

Tulijua maana yake. Ciku akienda, wazazi wengine watafuata, na Mzee Mbugua atawarudishia wageni wa picha kidimbwi chake.

Kocha Nthenya alizungusha bega. Ka! "Sawa, Mama Ciku. Lakini kabla ya Juni naomba pikapu yako. Na wewe uendeshe."

Tulibebwa nyuma, tukinuka vitunguu. Kona Baridi tulikuwa tumejikunyata ndani ya masweta. Oltepesi tukayavua. Magadi tungevua hata ngozi.

"Supai!" mlinzi alisalimia langoni, kwa Kimaasai.

"Epa!" Kocha akaitikia.

"Ai, si huyu ni wa Masila? Bado unaruka kabla ya wenzako?"

Kidimbwi kile kilikuwa kirefu kuliko chetu, kirefu ajabu machoni mwetu. Tulipovua viatu tukaanza kurukaruka kama mahindi ya bisi. Mama Ciku alitucheka, kisha akavua vyake ajaribu. "Uuui! Ngai!" Akarudi kivulini mbio. Kocha peke yake alisimama pale katikati ya simiti, miguu mitupu, ametulia kama anangoja chai.

"Ciku, kuja hapa. Mimi nilichekwa Nairobi kwa sababu miguu yangu ilijua Magadi peke yake. Wewe umechekwa kwa sababu mwili wako unajua karai peke yake. Sioni aibu hapo. Mwili unajua kwao. Leo tunautembeza. Acha kuhesabu mikono. Fungua macho utafute ukuta."

Ciku alijipindua katikati ya maji. Akarudia. Akarudia tena, mpaka akatoka analia.

"Nimeshindwa, Kocha. Nipelekwe tu kwa Nelson."

"Utaenda ukishajua kugeuka. Mimi sipeani mtoto nusu. Rudi majini."

Jua lilipoanza kulegea, Ciku alifika ukutani, akageuka, na miguu ikagonga ukuta du! Hakuna aliyepiga makofi. Kocha alisema tu, "Tena."

Juni ikafika, tukarudi kidimbwi kile kile cha Nairobi. Ciku akapanda kijukwaa, mbio za mita hamsini, kwenda na kurudi. Mwamuzi akasema "jiandaeni," na kabla ya filimbi msichana wa kando yake akadondoka majini chubwi! Mwingine akamfuata kwa kushtuka. Ciku hata kope hakupepesa. Nikamtazama Kocha Nthenya. Alikuwa amevua viatu.

Walipoanza tena wakiwa wamepungua, Ciku alifika mahali pale pale pa mwezi wa tatu. Mama Ciku alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Mkono wa Ciku ulisita, naapa niliuona ukisita, kisha ukaendelea. Ukuta. Du! Alimaliza wa tatu, na muda wake ukampa nafasi ya mwisho kabisa ya fainali. Kwenye fainali yenyewe akawa wa sita.

Nelson alikuja akitabasamu. "Hongera, madam. Kweli umejaribu. Sasa Mama, tumalize ile stori yetu. Wa sita akiwa kwenye karai, je, akija kwangu?"

Kocha Nthenya alikuwa anamfunga Ciku taulo kichwani. Mama Ciku ndiye aliyejibu, na sauti yake ya kuuzia vitunguu ilifika mpaka viti vya nyuma.

"Nelson, enda kwanza Magadi, saa sita mchana, uvue hivyo viatu vizuri ulivyovaa. Ukiweza kusimama, unipigie simu tuongee."