Nilivyojifunika Kitenge Mbele ya Wakwe

Aibu hii ni yangu mwenyewe, sikuletewa na mtu, niliifuata kwa miguu yangu mpaka Makambako na nikailipia, kwa hiyo mkitaka kucheka chekeni sasa hivi mmalize, maana nikishaanza sitaki mtu anikatize.

Mtoto wangu wa mwisho, Vumilia, alipata mchumba kutoka Ludewa, huko upande wa Lugarawa, kijana mpole, mwalimu. Wakaja kwetu Njombe mara ya kwanza kujitambulisha, wazee watatu pamoja na shangazi yake, anaitwa Skola, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupigia mbiu. Mimi nimeshika sinia la chai, nimevaa vizuri tu, namkaribisha, yeye ananiinamia kwa adabu zote: "Shikamoo bibi. Mama wa binti yuko wapi tumsalimie?"

Mimi! Bibi wa Vumilia! Na ukimtazama yeye mwenyewe, rika langu lile, labda kanizidi. Mume wangu, Baba Yohana, akakohoa, ndipo akasema huyo ndiye mama. Skola akaziba mdomo, akaomba samahani, watu wakacheka kidogo yakaisha. Kwao yaliisha. Mimi kila nikipita kwenye kioo nasikia ile shikamoo.

Sasa walitakiwa kurudi Jumamosi moja kupokea jibu letu, kama tunampa kijana wao mke au hatumpi. Alhamisi yake nikaenda Makambako kununua mchele na kitenge kipya. (Mnaukumbuka ule upepo wa Makambako? Unakuvua kilemba huku umekishika.) Miaka ile ndiyo kila kitu kilikuwa kimefunguliwa, maduka yamejaa vitu vya Dubai, ukiuliza chochote unaambiwa ni utandawazi. Muuza vitenge akaniambia kule Lyamkena kuna dada katoka Dar, Zuhura, ana saluni, anarudisha sura za watu. Nikasema ngoja nikachungulie tu.

Wenzangu, msiwe mnachungulia.

Zuhura akanikalisha kwenye kiti, "karibu mama yangu mzuri," akanionyesha kadude kama kale karola ka kupakia rangi ukutani, lakini kadogo, kamezungukwa na visindano vingi vifupi vifupi. Akanieleza kwamba ngozi ikizeeka inapungukiwa kitu kinaitwa kolajeni, ndicho kinachoishika isilegee, sasa ukiitoboatoboa kidogo inashtuka, inadhani imeumia, inaanza kujijenga upya yenyewe kwa ndani, na yale matobo unapakia maji ya dawa yanaingia vizuri. Nikaona ina akili. Hata shamba lisipotifuliwa mvua haiingii.

Jambo moja nililifanya la maana, nalo ni hilo tu: nilikataa katakata sindano zilizotumiwa na mtu mwingine. Miaka ile ugonjwa ule ulikuwa unatumaliza, hata hospitali tulikuwa tunaenda na sindano zetu mkononi. Zuhura akasema, "Mama, na mimi naogopa kama wewe, kila mteja na yake," akafungua mpya kwenye boksi mbele ya macho yangu, akasema nikimaliza naondoka nayo.

Halafu akaniuliza, "Una shughuli karibuni? Maana siku tatu nne uso utakuwa mwekundu, na uzuri wenyewe hauji leo. Unarudi baada ya mwezi tunarudia, tena na tena, ndipo utaona."

Hapo ndipo nilipojiharibia. Nikajibu, "Shughuli ni baada ya wiki tatu." Ya keshokutwa hiyo! Nilijiambia hawa vijana wanatia chumvi, uso wangu umeshapigwa na baridi ya Njombe miaka yote, utashindwa na visindano?

Akanipaka dawa ya ganzi, tukasubiri, akaanza kupitisha karola kake, paji la uso, mashavu, kidevu, juu chini, kushoto kulia, nasikia krrr krrr kama panya kwenye gunia la mahindi. Akanipa kachupa ka maji ya dawa, akanikanya: usipake kitu kingine chochote, jua usikae, moshi usiuone, sabuni acha. Nikaitikia yote.

Ijumaa asubuhi uso umewaka kama nimelala kifudifudi kwenye siafu. Na wageni kesho! Nani atakaanga maandazi? Nikaingia jikoni, kuni mbichi za miwati, moshi mtupu, uso unafukuta, machozi yananitoka, na kale kachupa nimekaangusha sakafuni kamepasuka. Sasa mimi toka nizaliwe kikiniuma chochote, kichwa, goti, mafua, napaka ile dawa ya kuchua ya Kichina ya kwenye kakopo ka duara. Nikachota kwa kidole, nikapaka uso mzima.

Niwaambie nini. Nilitoka jikoni bila kujua nimetoka. Baba Yohana alinikuta nimetumbukiza kichwa kwenye ndoo ya maji ya ng'ombe.

"Mama Yohana, umefanya nini?"

Nikamweleza. Hakunipa pole, hakucheka, alichosema ni, "Watu watasema nimekupiga."

Jumamosi asubuhi macho yamebaki mistari, mashavu yamevimba, na juu yake vipele vya maji vimeanza kukauka magamba. Baba Yohana akasema nikae chumbani, atawaambia naumwa. Vumilia akaanza kulia, kwa sababu mama asipotokea siku ya jibu wale watu wanaelewa kitu kimoja tu, kwamba mama hamtaki kijana wao. Na kutokea na sura ile nitawaambia nini? Kwamba nimejitoboa uso ili nionekane msichana? Mimi ambaye Jumapili mbili nyuma nilisimama mbele ya akina mama wa kanisa nikawasema mabinti wanaojipaka mkorogo, nikawaambia waridhike na ngozi walizopewa? Na hao hao akina mama ndio walikuwa uani kwangu wanapika!

Ndipo akili ikanijia. (Naiita akili.) Nikachukua kitenge kipya, nikajifunika kichwa na uso wote, nikamwambia Baba Yohana, "Waambie ni mila yetu Wabena. Mama wa binti haonekani uso mbele ya wakwe. Wao Wapangwa, watajuaje?"

Baba Yohana akanitazama. "Mila gani hiyo? Mimi Mbena miaka yote sijaisikia."

"Utaisikia leo."

Wageni wakaingia, tukasalimiana, kamwene, kamwene, wakakaa. Mshenga wao, mzee mmoja mchangamfu, akauliza kulikoni mama kafunikwa, na mume wangu, ambaye hajui kudanganya, akajibu huku anatazama dari, "Ni mila yetu. Ya zamani sana."

Mimi nilidhani wataheshimu, watanyamaza. Kumbe nimewachokoza! Mshenga akapiga makofi, "Ahaa! Basi kama mama kafunikwa, na sisi hatukuja mikono mitupu, mama atafunuliwa kwa zawadi!" Skola akapiga kigelegele. Wakatoa doti ya khanga wakaniwekea mapajani. Mimi nikatikisa kichwa kwa nguvu, hapana, hapana, msinifunue.

"Mama anasema haitoshi!"

Likaja blanketi. Nikatikisa tena. Wakacheka, "Mama huyu mgumu!" Na wale akina mama wa uani wakasikia vigelegele wakaja kujaa mlangoni, na wao wanaimba, nyimbo za kufunulia mtu, sijui walizitoa wapi, maana mila yenyewe ilikuwa na umri wa nusu saa. Mshenga akavua koti lake akaniwekea juu ya blanketi. Nimelemewa na zawadi, joto, dawa ya kuchua inanivukia puani, natikisa kichwa kama mbuzi anayefukuza nzi, nao wanazidi kushangilia.

Skola akasema, "Basi imetosha, wakwe hawachoshani hivi," akakamata kitenge akavuta.

Wimbo ulikatikia katikati.

Skola akarudi nyuma hatua mbili. "Yesu na Maria. Mkanda wa jeshi."

Nyie wa siku hizi mkisikia mkanda wa jeshi mnakwenda kupewa dawa. Siku zile ukitokewa na ule upele watu walikuwa wameshakuzika, walijua ni ugonjwa ule, na wangeanza kumhesabia baba, halafu mtoto. Skola akasema kwa sauti ya chini, na yeye sauti ya chini hana, "Nimekuwa mhudumu wa wodi, haya nimeyaona. Jamani, tutoke nje tushauriane." Wakatoka wote. Mshenga akasahau hata koti lake mapajani kwangu.

Vumilia alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka. Hakulia tena. Aliniambia tu, "Mama, wanaondoka."

Nikaona nina mambo mawili na yote mabaya, ama mwanangu aachwe kwa ugonjwa ambao mama yake hana, ama nichekwe na Njombe nzima. Nikainuka na uso wangu ule, zawadi zikamwagika, nikaenda chumbani nikachukua karola, nikatoka mpaka uani mbele ya wakwe na akina mama wa kanisa, nikasema kwa sauti, "Siumwi! Nimejitoboa! Nilikwenda Makambako nikatobolewa uso na sindano hizi ili ngozi ikaze, halafu nikapaka dawa ya kuchua! Na mila hakuna, mila nimeitunga asubuhi!"

Mshenga akanyoosha mkono ashike karola, nikamzuia, "Usiguse, baba, ni ya damu yangu."

Skola hakuamini. Nikamwambia, "Shangazi, wewe wa wodini, mkanda wa jeshi unashika pande zote mbili?"

Akasogea, akanishika kidevu, akanigeuza kushoto, akanigeuza kulia. Akafuata kwa kidole pale wekundu ulipokatikia chini ya taya, umenyooka kama umepigwa rula. Halafu akanusa.

"Kweli," akasema. "Mkanda unashika upande mmoja. Huyu kajichua."

Hapo ndipo uani palipolipuka. Akina mama wa kanisa walishikana mabega, mmoja alikaa chini kabisa karibu na sufuria. Baba Yohana alikuwa anajitazamia viatu. Skola akajifuta machozi kwa khanga, akaniuliza, "Lakini dada yangu, nani alikutuma?"

Nikamwambia, "Wewe! Uliniamkia!"

Kicheko chake kikaisha. Akanitazama sana, akasema, "Nisamehe. Siku ile niliogopa. Nilimwamkia kila mtu mle ndani, hata yule binti aliyeleta maji." Akanishika mkono tukaingia ndani pamoja, na mimi uso wazi, nikasema mbele ya wote kwamba kijana tunampenda. Vumilia akaolewa. Magamba yalidondoka baada ya wiki mbili, na ngozi ilirudi ile ile, tena na madoa mawili hapa shavuni, njoo uone.

Lakini kinachonichosha si madoa. Kwa jirani yangu, binti yake alipokuja kuposwa, nakuta mama mtu kakaa mkekani kafunikwa kitenge gubigubi, anatikisa kichwa, anadai blanketi. Nikauliza ni nini hiki, wakasema mila. Na kwa mwingine hivyo hivyo. Siku hizi wananiita nikawafundishe jinsi ya kutikisa! Nawaambia jamani, hiyo si mila, niliitunga mimi kuficha uso, waulizeni wa Ludewa. Wanatazamana, wananiongezea chai, binti mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Bibi siku hizi anasahau."

Basi mimi nimeapa, sindano usoni sichomwi tena, na nikiwa na aibu natoka nayo ikiwa mbichi, siivishi jina la mababu.