Kuketi Juu ya Kichuguu

Daktari aliniambia nitafute mahali ambapo watu hawatanifikia, niketi hapo kila asubuhi, nifumbe macho na kusikiliza pumzi yangu. Presha ilikuwa imepanda. "Isiposhuka kabla ya mvua, papa, utakunywa vidonge maisha yako yote," alisema, huku akikunja ule mpira wa kupimia. Mimi husoma habari redioni, na wakati huo sauti yangu ilikuwa ikitetemeka hata kwenye matokeo ya mpira.

Mahali ambapo watu hawatakufikia, Lubumbashi. Baba yetu, aliyekuja kutoka kaskazini kufanya kazi ya reli, alituachia nyumba ndogo na ukoo mkubwa. Nilijaribu sebuleni, mtu akanisukuma pembeni kwa adabu akitafuta chaja. Nilijaribu chooni, wakagonga. Ikabaki nyuma ya nyumba, kwenye kichuguu.

Kichuguu chetu kilikuwa kirefu kupita mtu aliyenyoosha mikono, na mchwa walikuwa na haki nacho kabla ya baba kupata kiwanja. Ukikaa juu yake asubuhi ya kiangazi, baridi inakuuma masikio, lakini unaona ng'ambo ya ukuta: moshi wa makala, makaa yetu ya kupikia, ukipanda toka kila ua, na ndege ikiinamisha pua kuelekea uwanja wa Luano. Nilianza na macho wazi, kwa kuwa kazi yangu imenizoeza kutazama. Nikatoboa tundu dogo kwa kijiti. Mchwa mmoja akachungulia, akarudi ndani, wakaja wengine, kila mmoja na punje yake ya udongo. Kesho yake tundu halikuwepo. Sikusikia kwamba walifanya mkutano.

Kwa yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, kichuguu kilikuwa jiko. Miaka yote amepikia chini ya mabati mawili yanayovuja, na kila mtu hapa anajua kwamba udongo wa kichuguu ndio unaotoa tofali gumu. Alikuwa amekwisha kupatana na fundi: wafyatue, wachome, wajenge kabla ya mvua. Siku aliyonikuta juu alisimama chini, mikono kiunoni.

"Mudogo, uko unafanya nini kule yulu?"

"Ninasikiliza pumzi yangu, yaya."

"Pumzi iko ya kwako, unaenda kuisikiliza mbali vile? Huku chini haisikike?"

Nikamweleza habari ya daktari. Akaguna, akasema fundi angengoja kidogo, kisha akaniuliza kama pumzi ingeweza kumpikia mtu bukari, ugali wetu.

Kumbe jirani naye alikuwa ameniona. Katika mji wetu, mwanamume anayepanda mahali pa juu alfajiri na kufumba macho hawezi kuwa anapumzika. Anaomba. Mama huyo alinisubiri getini.

"Papa, utukumbuke na sisi kule yulu. Mutoto wangu iko anafanya examen."

"Mama, mimi siombi. Ninapumua tu."

"Njo vile bantu ba Mungu banasemaka," akajibu, akaenda zake ameridhika.

Mtoto akafaulu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wiki iliyofuata nilikuta akina mama watatu wamekaa chini ya kichuguu, kimya, wameweka vitenge mabegani. Baadaye wakawa kumi na kitu, na kimya kikaisha. Ikaja ngoma. Akaja mama mmoja mwenye ushuhuda mrefu na kipaza sauti cha betri. Kila nilipokana, walizidi kusifu unyenyekevu wangu.

Yaya, ambaye ni mwanakwaya wa parokia, alitazama yote hayo kwa uchungu. "Mi siwezi kulima fasi ya maombi," alisema, kana kwamba mahali pale pamekuwa kanisa, akamrudisha fundi na jembe lake. Kichuguu kikawa kimeokoka. Ningefurahi, ila ngoma ilikuwa karibu na sikio langu la kushoto.

Daktari alipima, akapima tena. "Imepanda kidogo. Papa, kweli unaketi?"

"Ninaketi, daktari. Tatizo hatuketi wachache."

Nilipofika nyumbani nilichukua jembe mwenyewe na kumpelekea yaya alipokuwa akipepea makala. Alilitazama jembe, kisha akanitazama mimi.

"Na maombi?"

"Mungu hajawahi kukataa jiko, yaya."

Alicheka mpaka akaweka kipepeo chini. "Nilikuwa nakungoya we mwenyewe useme." Jioni hiyohiyo aliwaambia akina mama kwamba maombi yamehamia parokia, kule iko viti. Kwa viti, walikubali upesi.

Fundi alianza alfajiri, saa yangu ileile, maana alitaka kumaliza kabla jua halijawa kali. Sikuwa na mahali pengine. Nikaketi juu, yeye akachimba ubavuni. "Papa, sogea kidogo kuume," alisema mara kwa mara, nami nilisogea bila kufumbua macho. Tofali likipigwa kwenye kalibu hutoa mlio mzito: pu. Mwanzoni nilingoja kila pu kwa hasira. Halafu nikawa navuta pumzi kwa moja na kuitoa kwa nyingine. Usiku mchwa waliziba alipochimba. Asubuhi alichimba walipoziba. Hakuna upande niliosikia ukilalamika. Kichuguu kilishuka, nami nilishuka nacho, mpaka siku moja nikajikuta nimeketi kwenye udongo mtupu, usawa na kuku, wala sikukumbuka kukasirika.

"Imeshuka," alisema daktari. "Vidonge hapana. Umefanya nini?"

"Nimeketi chini zaidi."

Jiko lilisimama pale kichuguu kilipokuwa. Yaya alinipa kona moja na kigoda, kwa sharti nisimwage maji. Asubuhi baada ya mvua ya kwanza nilikuwa hapo, macho nimeyafumba, niliposikia kitu kama karatasi nyingi zikisuguana. Kumbikumbi walikuwa wakitoka sakafuni, kwenye ufa ambao fundi aliapa haupo, wakanijaa kwenye nywele na shingoni.

"Mudogo," yaya alisema, ameshika beseni, sauti ikicheka, "benye nyumba banarudi. Sogea kidogo kuume."

Nikasogea, macho yangu yakiwa bado yamefumbwa. Nyuma yangu niliisikia sufuria ikiwekwa motoni.